Siku Nilipomsomea Hidaya Wasifu wa Marehemu

Jamani, kuna aibu za kujifungia ndani wiki moja zikaisha, na kuna aibu za kuhama mtaa. Yangu ilikuwa ya kuhama mtaa, na kama si nyumba niliyoijenga kwa taabu pale Nzuguni, leo mngenikuta mahali ambapo hata redio haishiki. Maana niliyemtangaza kuwa amekufa si mtu wa hivi hivi, ni Hidaya, ndiyo, Hidaya yule yule mnayemjua, na nilimtangaza akiwa amekaa hatua tano mbele yangu, kavaa gauni la kijani, ananitabasamia.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, naitwa Sechelela, na Mungu alinijalia sauti ya kusoma. Si ya kuimba (nikiimba hata mbwa wa jirani huhama kivuli), ya kusoma. Kwa hiyo kanisani kwetu mtu akifariki, wasifu wa marehemu nasoma mimi. Nimesoma wazee, nimesoma vijana, na kuna bibi mmoja aliniita kabisa akiwa kitandani akaniambia, "Mwalimu, siku yangu usiharakishe."

Basi kina mama wa mitaa ya Kikuyu, Nkuhungu na kwetu Nzuguni walipoamua kumpongeza Hidaya kwa miaka thelathini ya kuimba na kuigiza, mwenyekiti wao, Mama Chilewa, akanifuata nyumbani. "Mwalimu, umetusomea wafu wetu wote. Safari hii tusomee aliye hai."

Nusura nilie. Hidaya ni mtoto wa Kondoa, Mrangi wa kule milimani, na mimi nimekua naye bila yeye kujua. Kaseti yake ya kwanza niliisikiliza nikiwa kidato cha pili mpaka utepe ukalegea. Alianza kama mwitikiaji kwenye bendi, anasimama nyuma kabisa karibu na ngoma, wanaume wanaimba mbele, naye siku moja mwimbaji mkuu alipochelewa akaulizwa kama anaweza kushika wimbo mmoja, akashika yote mpaka watu wakasahau wanamsubiri nani. Akatoka akaimba peke yake. Akaingia kwenye filamu, akaigiza mama mkwe mwenye roho mbaya kiasi kwamba sokoni walikataa kumuuzia nyanya, na mama yangu mzazi alizima televisheni akasema mwanamke yule asikanyage kwake. Nimeolewa, nimezaa, nimefiwa, na popote palipo na kumbukumbu yangu, yeye anaimba pembeni.

Sasa kosa lilianzia hapa. Sikuanza na karatasi nyeupe. Nilifungua kwenye kompyuta wasifu wa mwisho niliousoma msibani, wa mzee mmoja wa kanisa, kwa sababu ulikuwa umepangika vizuri, nikawa nafuta ya mzee naandika ya Hidaya. Ukurasa wa kwanza niliufuta wote. Wa pili nilikuwa nimebadilisha jina tu, umeme ukakatika (watu nawaambia umeme, lakini ukweli ni kwamba nilikwenda kujipima gauni mbele ya kioo), na niliporudi nikaamini nimemaliza. Asubuhi ya sherehe nikaenda kuchapisha steshenari. Mwenye duka akaniuliza, "Hupitii kwanza, mwalimu?" Nikamjibu kwa madaha, "Hii ninayo kichwani."

Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama madirishani, na redio moja ya mjini ilikuwa inarusha matangazo moja kwa moja. Nikapanda, nikakohoa kidogo, nikaanza. Ukurasa wa kwanza, wenzangu, acheni tu! Watu walipiga makofi, wakapiga vigelegele, Hidaya mwenyewe akatoa leso. Ndipo nikanogewa. Na mimi nikinogewa sauti hushuka, inakuwa ile ya msibani, kwa sababu ndiyo niliyoizoea, nikaona mabibi wa mstari wa mbele wanashika tama. Nikadhani nimewagusa. Nikafungua ukurasa wa pili.

"Marehemu Hidaya," nikasoma, maana jina nilikuwa nimelibadilisha, marehemu nikamwacha, "alikuwa mzee wa kanisa kwa vipindi vitatu."

Mtu angesimama hapo. Mimi sikusimama. Mdomo wangu kwenye wasifu unatangulia, akili inafuata nyuma na mizigo, na ilipofika nilikuwa nimeshasoma kwamba mwaka jana marehemu alianza kusumbuliwa na tezi dume, akatibiwa, lakini hali ikabadilika ghafla.

Nikainua macho. Mama Chilewa alikuwa ameziba uso kwa mtandio. Nikaona hapana, nitengeneze, nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili nikasema kwa nguvu, "Ndugu zangu, samahani sana, Hidaya hajafa bado!"

Hilo "bado" ndilo lililonimaliza.

Lakini Hidaya, huyo mwanamke ni msanii jamani, aliinuka taratibu akaja mpaka nilipo, akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti, akasema, "Marehemu anaomba maji ya kunywa." Ukumbi ukaangua kicheko, mtu akaanguka na kiti chake, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, nikajua nimeokoka.

Kumbe wale wa redio walishapata hofu na kukata matangazo pale pale kwenye "hali ikabadilika ghafla", wakaweka muziki wa taratibu wa kinanda. Aliyekuwa akisikiliza Kondoa hakusikia habari ya maji. Alisikia marehemu Hidaya, kisha kinanda.

Simu ya Hidaya ikaita. Ni kaka yake. Nilimwona uso unabadilika. "Mama alikuwa anasikiliza redio," Hidaya akatuambia, "mikeka imeshatandikwa uani, wanawake wameshaanza kuingia. Na mama ana presha." Kicheko kikakatika ukumbi mzima. Mimi nikakaa kwenye ngazi ya jukwaa na gauni langu jipya.

Akaomba apewe mama, akaweka sauti ya juu tusikie. "Mama, ni mimi. Nipo mzima."

Tukasikia sauti ya kizee, nyembamba, haina haraka. "Ondoeni hiyo kanda."

"Si kanda, mama, ni mimi Hidaya!"

"Mwanangu anaongea redioni miaka yote hata akiwa amelala. Anaimba, anacheka, analia humo. Sauti yake siyo habari kwangu. Niambieni mtamleta saa ngapi."

Akamsemesha Kirangi, mama akasema na hicho amekiongea kwenye filamu. Simu ya kaka yake ilikuwa ya vitufe, haina picha. Hidaya alisimama pale, mwanamke ambaye sauti yake inajaza viwanja, na sauti hiyo haimsaidii kitu. Kisha nikamwona amekunja uso.

"Mama, dawa za asubuhi umekunywa?"

Mama akaguna.

"Nakuuliza, umekunywa?"

"Zinanikera tumbo."

"Kwa hiyo hujanywa! Jana nimekwambia nini? Ukila kwanza hazikukeri, unafanya makusudi!"

Halafu yule mama akavuta pumzi, akawaambia watu wa uani, tukamsikia vizuri kabisa, "Kunjeni mikeka. Ni yeye. Wa kwenye redio hajawahi kunigombeza."

Sitaki kuwaeleza ukumbi ulivyolia. Hidaya akanigeukia pale chini, akaninyooshea mkono. "Mwalimu, ule ukurasa wa kwanza urudie. Sijawahi kusemwa hivyo huku nasikia." Nikaurudia, sauti inakatika katika, na kesho yake nikapanda basi kwenda Kondoa kuomba radhi, maana moyo haukunipa.

Nikamkuta yule mama amekaa barazani anachambua choroko. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeniulia mwanangu?"

Nikapiga magoti, nikajieleza, kompyuta, kioo, kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, nisomee." Nikamsomea ukurasa wa kwanza, polepole. Nilipomaliza akaendelea na choroko zake.

"Umeandika alivyoimba. Hujaandika alivyonyamaza. Alipopasuliwa koo alikaa hapa miaka miwili, haongei, ananichotea maji, ananipikia. Usiku nilikuwa namshika shingo nione kama bado inatetemeka. Watu wakisema amelewa sifa, ameacha kazi. Alikuwa hapa. Hata aliporudi na sauti ile nzito mnayoipenda, wa kwanza kuisikia nilikuwa mimi, aliniambia chai imeiva."

Mimi, shabiki wa miaka yote, hilo sikulijua. Nikatoa kalamu, nikaandika nyuma ya karatasi, nikiwa nimepiga magoti vile vile.

Misibani bado naitwa, msidhani wameniacha. Ila nimeapa: wasifu wa mtu, mzima au mfu, naanza na karatasi tupu, nasoma mpaka nukta ya mwisho kabla sijavaa viatu, na siandiki hata mstari mmoja kabla sijaketi na aliyemzaa au aliyemuuguza.