Damu Iliyolipwa Mara Mbili

Wakianza kubishana redioni kuhusu kunyonga au kutonyonga, mimi huizima redio. Anayetaka kitanzi na asiyekitaka, wote huzungumza kana kwamba kamba humkaba mtu mmoja tu.

Kaka yangu aliua mtu, sisemi hakuua. Waligombania zamu ya kunywesha ngamia kwenye kisima kilichoko njia ya Habaswein. Mwenzake akamchapa fimbo ya uso, naye akafyatua bunduki kuukuu aliyokuwa akilindia mifugo. Hakukimbia. Alikuja nyumbani akamwambia baba, na baba akatuma watu kwa jamaa wa marehemu kuwaambia: mtoto wetu ndiye aliyemuua mtoto wenu, tuiteni tuje. Kwetu anayekiri hulipa. Anayeficha ndiye anayewindwa.

Wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakakubaliana dia, fidia ya damu: ngamia mia, kama ilivyo desturi, na juu ya ngamia msichana mmoja aolewe na ndugu wa marehemu, azae mtu badala ya aliyekufa, uhasama uishe. Msichana huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeshatimiza miaka ishirini, nauza maziwa Garissa mjini, na kulikuwa na mwanamume wa Ijara niliyemtaka. Hooyo, mama yangu, hakunibembeleza. "Unataka kaka yako azikwe, au unataka uolewe?" Nikaolewa. Nilikuwa na hasira, lakini kaka yangu nilimpenda, na niliamini kwamba namnunulia uhai.

Kisha wazee wakafanya ujinga wao. Desturi inataka silaha iliyoua itolewe hadharani. Enzi za Mwingereza, watu wakishapatana waliipeleka kwa DC, mkuu wa wilaya, wakanywa naye chai, mambo yakaisha. Wakadhani DC ni DC tu. Hawakutaka kuona kwamba sasa ni vita, kwamba kila Msomali mwenye bunduki anaitwa shifta, mwasi anayetaka kujitenga, na kwamba sheria za hali ya hatari zinamnyonga mwenye bunduki hata kama hajaua panya. Waliibeba mchana kweupe, imeviringishwa kitambaa safi, kaka yangu akitangulia, amenyoa na kuvaa kikoi kipya kama bwana harusi. Adeer, ndugu yake baba, ndiye aliyesema: "Bwana DC, sisi nakuja na amani. Bunduki ndio hii, kijana ndio huyu. Sisi nabatana, maneno imekwisha."

Bwana DC, kijana wa bara, alimwuliza kaka yangu kama bunduki ni yake. Kaka akajibu ndiyo, kwa fahari kabisa. Alitiwa pingu pale pale, na adeer akabaki amenyoosha mkono, akingoja kupeana mkono wa kheri.

Kesi ilisikizwa mjini. Aliyesimama kumtetea alikuwa mama mkwe wangu, mama yake marehemu. Kila siku nyumbani alikuwa ananitukana, ananiita dada ya muuaji, lakini siku ile aliongea kwa Kisomali, mkalimani akitafsiri. "Niliyemzaa marehemu ni mimi. Damu ni yangu. Nimesamehe." Jaji, mzee mpole wa sauti, alieleza kwamba mauaji ni kosa dhidi ya Jamhuri, na msamaha wa mama hauna nguvu mbele ya sheria. Mama mkwe akauliza: "Jamhuri ilimnyonyesha lini?" Watu wakacheka. Hata askari walicheka. Jaji naye akatabasamu, akangoja kicheko kiishe, kisha akamhukumu kaka yangu kunyongwa hadi afe.

Niliendelea kuuza maziwa, kwa sababu mume wangu alitaka hivyo. Barazani kwa mwalimu mmoja wa bara nilimkuta akibishana na karani rafiki yake.

"Anayeua auawe," mwalimu alisema. "Ni amri ya Mungu na ya serikali."

"Na ukishamnyonga, marehemu anafufuka?"

"Hafufuki, lakini wengine wanaogopa."

"Hawa hawaogopi kitu. Wamezoea."

Waliyafurahia sana maneno yao. Mwalimu akanigeukia. "Mama Maziwa, wewe waonaje?" Nilimwambia maziwa yamekwisha, na kibuyu kilikuwa kimejaa begani. Nilitamani kummwagia usoni.

Kaka alinyongwa huko bara. Adeer aliitwa ofisini akaambiwa tu kwamba imeshafanyika na maiti hairudishwi. Hooyo alitaka kujua kitu kimoja: alioshwa? Alilazwa akielekea kibla? Ofisini wakamjibu kwamba hilo hawalijui na si kazi yao kulijua. Tangu siku hiyo hakumwombea dua mtu mwingine yeyote, mimi nikiwemo.

Sasa jamaa wa marehemu walikuwa watu wacha Mungu, na hilo ndilo lililonimaliza. Walisema damu hailipwi mara mbili. Serikali imekwisha kuchukua roho kwa roho, kwa hiyo wale ngamia sasa ni haramu kwao. Wakawakusanya wote waliosalia, maana wengine walipigwa risasi na wanajeshi, na wakamwita adeer aje awachukue. Nilifurahi jamani, Mungu anisamehe. Kaka yangu yu kaburini nami nafurahi. Nilifunga nguo zangu, nikaenda mbele ya wazee nikawaambia: kama malipo yamebatilika, nami nilikuwa malipo. Niacheni niende.

Walilitazama tumbo langu, lilikuwa limeanza kuonekana.

"Ngamia anarudi kama alivyokuja," alisema adeer, damu yangu mwenyewe. "Wewe huwezi kurudi hivyo."

Wakaanza kuwaswaga ngamia kwenda kwa baba yangu, na mama mkwe akaniambia nimchemshie adeer chai kwanza, ana safari ndefu.