Shimo Lililopungua Kina

Shimo nililoliacha jioni likinifika kiunoni, asubuhi yake lilinifika magotini. Chini kulikuwa na udongo mwekundu uliokanyagwa vizuri, na mimi nilikuwa nimechimba mweusi mtupu.

Ilikuwa Chunyu, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, wiki chache kabla ya mvua. Dada yangu mkubwa, mjane, alikuwa anajenga nyumba ya msingi wa zege, akaniita kutoka Nachingwea nimwangalizie ardhi. Huko nilikuwa nabeba vyuma vya kutobolea udongo kwenye mashamba ya karanga, nikimfuata mpimaji mpaka nikajua anachokitafuta. Saruji ilikuwa imeshafika na ilikuwa ya kutosha mara moja tu. Msingi ukipasuka, dada hakuwa na nyingine.

Mahali pa kujenga palichaguliwa na mjomba wetu, kwa unga. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Alimimina unga wa mtama chini, kidogo kidogo, mpaka ukachongoka juu, akaufunika kwa chungu. Asubuhi alipofunua ulikuwa umesimama vilevile, maana yake waliotangulia wamekubali. Ukimomonyoka, wamekataa. Nyumba ya kwanza ya dada ilijengwa bila unga, na mumewe alifia humo.

Nilichimba katikati ya kamba za fundi, pale pale uliposimama unga. Nikalowesha udongo, nikauviringisha viganjani ukawa uzi mrefu, nikaukunja pete. Haukukatika. Udongo wa namna hiyo ukinywa maji huvimba, jua likiwaka hupasuka, na kilicho juu yake hupasuka nao. Nikawaonyesha wote watatu, dada, mjomba na fundi.

"Bwana Udongo," fundi akasema, "huko kwenu mmepima miaka mingapi? Karanga ziko wapi?"

Hata mjomba alicheka, maana kila mtu alijua mashamba yale hayakutoa karanga za maana. Dada hakucheka. Aliitazama ile pete kiganjani mwangu, kisha akatazama pale chungu kilipokuwa.

Basi asubuhi nikaitwa. Fundi alikuwa amesimama ukingoni.

"Njoo uone mweusi wako."

Niliushika ule mwekundu. Ulikuwa laini, na ndani yake mlikuwa na mchwa hai. Mchwa wa namna ile hukaa kwenye kichuguu, si chini ya udongo mzito.

"Nani ameingia humu?" nikauliza.

"Shimo ni lako, mpwa," mjomba akasema. "Sisi tulilala."

Nilishuka na jembe. Haikuchukua muda nikaufikia mweusi wangu, ukiwa bado na alama za jembe la jana. Fundi aliacha kucheka, akaanza kuving'oa vigingi vya kamba zake bila kuambiwa. Nilimtilia shaka kwa hilo pia.

Upande wa juu, hatua kama thelathini, nilichimba tena. Uzi ulikatika kabla ya kukunjika, na nilipochimba zaidi nikakuta changarawe. Nikamwomba mjomba aweke unga pale.

"Nimeshauliza mara moja, nikajibiwa," akasema. "Siulizi mara mbili kama mtoto."

Uamuzi ukabaki kwa dada.

"Mwageni zege huko juu," akasema. "Ila msinihesabu."

Sikumwelewa mpaka mwaka wa pili niliporudi. Mvua zilikuwa zimepita na kiangazi kimekolea. Niliuzunguka msingi mzima nikipitisha kidole, sikupata hata ufa wa unywele. Ndani ya nyumba kulikuwa na magunia ya ufuta tu. Dada alikuwa analala jikoni.

Jiko lenyewe lilikuwa la miti na udongo, na nyuma yake kulikuwa na kichuguu chekundu. Ubavu mmoja ulikuwa umekatwa kwa jembe. Mvua zilikuwa zimelainisha kingo, lakini mkato bado ulionekana.

"Hapa alichimba nani, dada?"

"Mimi. Nilikandika jiko mwaka jana, kabla ya mvua."

Nikaugusa ukuta wa jiko. Ulikuwa wa udongo mweusi, chini hadi juu, na nyufa zake zilikuwa pana kiasi cha kuingiza kidole. Mwekundu wa kichuguu haukuwamo hata kidogo, nikalikumbuka shimo langu.