Kizibo cha Soli ya Kiatu

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na njo mwaka ule bomba la moshi la kiwanda lilianza kupumzika. Nyinyi wa rika langu, mliokulia Likasi, mnakumbuka. Tulipokuwa wadogo moshi ule ulishuka mpaka mtaa wetu wa Panda, ukatukohoza, ukatoboa nguo kwenye kamba, na kila mtu akautukana. Kisha asubuhi moja mbingu ikaamka safi. Nguo nyeupe zikakauka nyeupe. Wamama wakasimama milangoni wakiangalia juu, na hakuna aliyefurahi. Nguo zilipokuwa safi, na sahani nazo zikawa safi.

Mshahara wa kampuni ya shaba ulichelewa siku kumi, halafu mwezi, halafu ukaacha hata kuaga. Walimu wakaenda kulima. Watu wakiniuliza nilisoma wapi, nawajibu: shule iliniacha darasa la sita, si mimi niliyeiacha. Asubuhi nilicheza nzango na wasichana wenzangu mbele ya nyumba za kampuni, tunapiga makofi na kurusha miguu mpaka vumbi jekundu linatupaka magoti. Mchana nilikaa kwenye meza yangu ya mafuta ya mawese, nikipima kwa kikombe. Mama alikuwa ndani na mashini yake ya kushona, ile ya kukanyaga kwa mguu, anageuza mapazia ya watu kuwa suruali. Mashini ile ilikuwa baba wa pili wa nyumba, na bila kumkosea heshima yule wa kwanza, ndiyo iliyotupa kula.

Majirani walibaki na njaa tu. Shiye tulibaki na njaa na gari ya mchezo, ile ya matajiri kushindana mbio. Mzungu mmoja, injinia, aliondoka kwa haraka mpaka akasahau mbwa, na kwa kuwa Papa alikuwa amemtengenezea taa za nyumba miaka mingi, akamtupia funguo. Gari nyekundu, ya zamani, milango miwili, viti viwili, paa la turubai, chini kabisa karibu na ardhi, ya kwenda Jumapili kujionyesha. Papa aliizunguka mara tatu, akatangaza, "Hii gari itatuletea samaki."

Huo ndio ulikuwa mpango wake: kwenda ziwa la Tshangalele, kununua samaki kwa wavuvi, kuwauza Panda. Muntu mwingine angetafuta lori.

Kitu kimoja tu kilikosekana: kifuniko cha tanki la petroli. Kiliibwa kabla gari haijalala kwetu hata mara moja. Petroli ilikuwa ya kununua kwa chupa barabarani, na Papa aliogopa isije ikaruka hewani. Akaniita mimi, kwa sababu mikono yangu ilikuwa midogo na haikutetemeka.

"Feza, tengeneza kizibo. Funga muzuri. Ata mbu asipite."

Nikachukua soli ya kiatu chake cha kazi, kile cha chuma mbele, nikaikata mviringo kwa wembe, nikaizungushia mpira wa ndani wa baiskeli. Kiliingia kwa kugongwa na kutoka kwa kuvutwa. Papa akanisifu mbele ya watu. Tangu siku ile nikawa mwenye kizibo: gari ikisimama, mimi ndiye ninayekivuta na kutumbukiza kijiti kupima petroli. Hata leo nina vyeo vingi, lakini hicho ndicho cha kwanza.

Safari ya kwanza tulifika Tshangalele kwa kusimama-simama, na kurudi tukachelewa mpaka samaki wakaanza kusema wenyewe. Gari ilikuwa inakwenda vizuri, inaimba, halafu ikifika penye mikaratusi, nje kidogo ya mji, inakohoa mara mbili na kuzimika. Tukingoja, inawaka. Inakwenda kidogo, inazimika tena. Majirani walikula samaki wale kwa kuziba pua, wakashukuru.

Hapo ndipo wataalamu walipokuja. Lazima niwaeleze vijana jambo hili: kampuni ilifundisha kila mwanaume kitu kimoja tu, lakini ilimfundisha sana. Papa alikuwa wa umeme. Papa Mwamba, jirani wa mkono wa kuume, alikuwa wa mabomba ya maji. Papa Kitenge, wa ng'ambo ya barabara, alikaa miaka ishirini mbele ya tanuru la shaba. Wote watatu hawakuwa na kazi, na gari ilikuwa mgonjwa wao mmoja.

"Ni courant," Papa alisema. "Minye nilisema tangu mwanzo. Courant inakatika."

"Courant gani, Papa Feza?" Papa Mwamba alicheka. "Petroli ni sawa na maji. Bomba ikiwa na uchafu, maji haifike. Umeme inaingilia wapi?"

Papa Kitenge aligusa motere kwa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto. "Bandugu, hii kitu iko na joto. Muipe maji."

Basi wakabadilisha. Papa akabadilisha buji zote nne, akabadilisha bobini, akabadilisha kondensa, vitu vyote vya umeme, alivyochomoa kwenye magari yaliyokufa nyuma ya karakana. Papa Mwamba akafungua mabomba yote ya petroli, akayapuliza kwa mdomo mpaka akanuka petroli siku tatu na mke wake akamkataza kukaribia jiko. Akakata gaskiti ya kabireta kwenye jalada la daftari langu la hesabu. Papa Kitenge akafunga kitambara kibichi kwenye pompu ya petroli, na kila safari alibeba kopo la kukilowesha.

Na sikieni ajabu: kila mmoja alifaulu! Gari ikizimika penye mikaratusi, Papa anagusa waya, ananiambia, "Feza, pima petroli." Ninavuta kizibo, kinalia *fyuuu*, natumbukiza kijiti, nafunga. Gari inawaka. "Munaona? Courant!" Kesho yake inazimika, zamu ya Papa Mwamba. Anakaza bomba lake, ninavuta kizibo, *fyuuu*, nafunga, inawaka. "Munaona?" Kesho kutwa ni kitambara. Wanaume watatu wenye akili, mtaa mzima unasukuma, na mimi nimesimama nyuma na kijiti changu, na hakuna aliyeuliza ile *fyuuu* inatoka wapi. Hata mimi. Nilidhani ni adabu ya gari.

Mwishowe wote watatu walikubaliana, na wanaume wakikubaliana mjue hatari imefika. Ni pompu, walisema. Imechoka, ibadilishwe. Mfanyabiashara mmoja wa sokoni alikuwa nayo mpya, imefungwa kwenye karatasi ya mafuta, na hakutaka pesa zetu, kwa sababu pesa za wakati ule zilikuwa zinakufa mfukoni. Alitaka mashini ya kushona.

Mama hakulia. Alishona suruali ya mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema, "Jumamosi aje." Ijumaa asubuhi mashini ilikuwa imefungwa kamba, inangoja kama mtu anayesafiri.

Ijumaa mchana, mezani kwangu, nilifungua bidoni mpya ya mawese. Kila msichana aliyeuza mafuta anajua: bidoni ya tundu moja haimwagi, inakabwa. Mafuta yanatoka, yanasita, glu, glu, halafu yanasimama. Unatoboa tundu la pili juu, hewa inaingia, mafuta yanashuka kama uzi. Nilikuwa nimefanya hivyo mara mia bila kufikiri. Siku ile nilishika msumari juu ya bidoni, mkono ukakataa kushuka.

*Ata mbu asipite.*

Nilimwacha mteja na kikombe chake mkononi, nikakimbia ndani.

"Mama, ni minye niliua gari."

"Uliua na nini?"

"Na kizibo. Tanki haipumue. Motere inavuta petroli, hewa haiingie, inakabwa sawa bidoni. Tukivuta kizibo inapumua, njo maana inawaka."

Mama aliangalia mashini, akaangalia kamba. Sikujua kama atanipiga au atacheka.

"Papa yako anajua?"

"Hapana."

"Basi asijue. Pasha musumari."

"Lakini Mama, nikimuambia..."

"Mwanaume hana mushahara," alisema polepole. "Ukimunyang'anya na akili, tutabakia na nini mu hii nyumba? Pasha musumari, Feza."

Nilitoboa tundu moja katikati, dogo, la kupitisha waya. Soli ilinuka kama kwato inayoungua.

Jumamosi mfanyabiashara alikuja na mtu wa kubeba. Papa alikuwa ameshainama kushika mashini, Mama akaikalia.

"Papa Feza, endesha gari mara moja tu kabla mashini haijatoka. Ikizimika ku mikaratusi, nitabeba mashini mi mwenyewe ku kichwa mpaka ku soko."

"Mama," mfanyabiashara alisema, "pompu haiponi na maombi."

"Kunywa munkoyo, papa. Ngojea."

Papa alikasirika, lakini alikuwa anamjua mkewe. Tukaingia: Papa kwenye usukani, mimi na kijiti changu kando yake, Papa Mwamba na Papa Kitenge wamekaa nyuma juu ya buti, miguu ndani, kama wafalme wasio na nchi. Mtaa ukapiga kelele, "Tutakuja kuwasukuma!"

Mikaratusi ilianza. Nilihesabu miti. Papa alikuwa ameshika usukani kwa nguvu mpaka mishipa ikasimama. Nilisikiliza kikohozi. Mti wa mwisho ukapita. Motere inaimba. Tuliogopa hata kukohoa, gari isije ikatusikia. Papa hakusimama mpaka tulipoona maji ya Tshangalele yanang'aa mbele yetu, na hapo akageuza bila kuzima, kama mtu aliyeiba.

Tuliporudi, Mama alikuwa bado amekaa juu ya mashini. Mfanyabiashara alikuwa amemaliza munkoyo na kuondoka na pompu yake.

"Ile bomba, niliikaza mara ya mwisho Alhamisi," Papa Mwamba alisema.

"Ni kitambara," Papa Kitenge akajibu. "Leo nililowesha mara mbili."

"Courant, bandugu," Papa alisema, anafuta uso. "Courant."

Walibishana mpaka bukari ikapoa. Mama akanisukumia sahani. "Kula, Feza."

Gari ile ilibeba samaki miaka mingi. Vichwa vilichungulia kwenye turubai, na ngozi ya viti ilinuka mpaka mwisho. Na mimi, mwenye kizibo, nikaanza kuitwa nyumba kwa nyumba kusikiliza magari, kwanza kwa mzaha, halafu kwa chakula, halafu kwa kazi.

Leo vijana wangu wa garage wanachomeka kisanduku cha kompyuta kwenye gari. "Mère, mashini inasema ni sensa." Wanabadilisha sensa. "Mère, sasa inasema ni sensa ingine." Wanabadilisha na hiyo. Nawatukana vizuri, kisha nakwenda kucheka peke yangu, maana namwona Papa Mwamba anapuliza. Ujinga haujabadilika, umepata betri tu. Lakini zamani gari ikizimika mtaa mzima ulisukuma. Leo mtaa mzima unapiga picha.

Papa alipofariki, nilifungua sanduku lake la vyombo. Alikuwa ameshapata kifuniko cha kweli cha tanki zamani, nami nilidhani kile changu alikitupa. Kilikuwa chini kabisa, kimefutwa safi. Kwenye lile tundu langu la siri alikuwa amepitisha waya wa umeme, akaufunga fundo, lile la mafundi umeme, ili kitundikwe kisipotee. Miaka yote ile alikuwa anasema courant mbele ya watu, na Mama anamjibu ndiyo.

Leo ninavyo hivi: garage moja Panda, yenye ukuta wa matofali na mashimo mawili ya kuingia chini ya magari. Kompresa moja. Nyumba mbili, ya pili iko njia ya Kakontwe. Mashini moja ya kushona, bado inashona. Gari moja nyekundu, haina motere, kuku wanataga kwenye kiti cha Papa. Kizibo kimoja cha soli ya kiatu, na waya wake.