Mwaka Askofu Alipoacha Kuonja

Sijawahi kumvumilia mtu anayefunga kwa matarumbeta. Ukitaka kuacha kitu kwa ajili ya Kwaresima, kiache, ufunge na mdomo, Mungu anaona. Lakini mpishi mkuu wetu hakuumbwa hivyo. Yeye akiacha kitu ilikuwa lazima chuo kizima kijue, kuanzia mkuu wa chuo hadi paka wa stoo.

Tulimwita Askofu. Kanisani hakuwa na cheo chochote zaidi ya kupitisha kikapu cha sadaka siku ya Jumapili, ila alitembea kwa madaha ya mtu mwenye fimbo ya dhahabu mkononi, na akikusalimu unajikuta umeinama. Alikuwa amepika katika chuo kile cha ualimu miaka ishirini na saba. Mimi nilikuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na miwili. Nilimkatia vitunguu, nikamchagulia maharage, nikamsugulia masufuria, na mahubiri yake nikayasikiliza yote, nitake nisitake.

Mifungo yake niliijua kwa mpangilio. Mwaka mmoja aliacha bia, na tukapaswa kumwonea huruma, ilhali daktari alikuwa ameshamkataza bia miezi minane kabla. Mwaka uliofuata aliacha nyama, akala kuku siku arobaini. Nilipomuuliza, akanijibu kwamba kuku ni ndege. Halafu ukaja mwaka wa kuacha kulalamika. Mfungo huo ulianza Jumatano ya Majivu, ukafa Alhamisi kabla ya chai ya saa nne, kwa sababu kuni zililetwa mbichi. Mtunza stoo, mtu wa maneno machache yenye sumu nyingi, alisema foleni ya chakula ni ndefu kuliko toba ya Askofu.

Kupika alijua, hilo sikatai. Hakutumia kijiko wala kikombe cha kupimia. Alichota mchuzi kwa mwiko, akadondosha tone kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, akalilamba, akafumba macho, kisha akatia chumvi. Mara moja tu, bila kurudia, na wanafunzi mia mbili na arobaini wakala wakaramba sahani. Tatizo ni kwamba hakumruhusu mtu mwingine aonje. "Jiko lina ulimi mmoja," alikuwa akisema, na ukisogeza kijiko karibu na sufuria yake alikupiga kofi mkononi kama mtoto aliyedokoa. Kwa miaka kumi na miwili nilionja chakula nilichokipika kikiwa tayari kwenye sahani, kama mgeni aliyealikwa. Jambo hilo lilinikereketa rohoni kuliko nitakavyoweza kueleza.

Mwezi wa kumi na mbili alishikwa na mafua makali yaliyomlaza wiki mbili. Chuo kilipofunguliwa alirudi amekonda mwili. Kiburi kilikuwa kilekile. Wiki ya pili maharage yakatoka na chumvi ya kumfanya mtu anywe mtungi mzima. Siku tisa baadaye mchuzi wa nyama ukawa chapwa kabisa, wanafunzi wakagonga meza kwa vijiko. Mama Mlezi, anayesimamia mabweni na jiko, alikuja mwenyewe. Ni mwanamke asiyepandisha sauti, kwa sababu hajawahi kuhitaji.

"Mzee," alimwambia mbele yetu sote, "ya kwanza nilinyamaza. Ya pili ndiyo hii nasema. Ya tatu utakwenda getini kuandika wageni kwenye daftari, na jiko nitampa mwingine."

Huyo mwingine kila mtu alimjua ni nani. Sikutazama chini kwa adabu, na sitajifanya hapa kwamba nilisikitika. Nilifurahi. Yule mzee bila jiko hakuwa Askofu tena, angekuwa babu mwenye kofia ya mlinzi, na yeye alilijua hilo kuliko sisi. Jioni ile aliondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata ilikuwa Majivu. Aliingia jikoni asubuhi na msalaba mweusi kwenye paji la uso, akasimama kando ya meza ya kukatia mboga, akasubiri tunyamaze.

"Ndugu zangu," akasema, "mwaka huu naacha kuonja."

"Kuonja nini?" aliuliza mtunza stoo, aliyekuja na gunia la mchele.

"Kuonja chakula. Mpishi anaonja mara ishirini kwa siku halafu anasema amefunga! Huko ni kula kwa kujificha. Mimi mwaka huu ulimi wangu nimempa Bwana."

"Na chumvi je, Mzee? Ataitia Roho Mtakatifu?"

"Ataonja dada hapa," akasema, akininyooshea kidole bila kunitazama.

Fikiria. Miaka kumi na miwili ulimi wangu haukufaa kitu, leo umepata kazi kwa sababu wa kwake umeenda kuwa mtakatifu. Nilitaka kumtupia kisu cha vitunguu. Badala yake nikasema, "Sawa, Mzee," na nikaokota kijiko.

Siku arobaini zile nilionja kila kitu kilichochemka. Yeye alisimama kando na mkebe wa chumvi kama anayebariki, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Vipi?" Nikamjibu, "Bado kidogo." "Kiasi gani?" "Vidole viwili." Akatia vidole viwili. Nisijisifu, lakini chakula hakijawahi kutoka vizuri vile. Hata mkuu wa chuo, ambaye kwa kawaida huletewa cha kwao nyumbani, alianza kuagiza sahani.

Na sifa zilikwenda wapi? Haya, niambie wewe. "Askofu haonji na chakula kinakolea!" Walimu walisimulia, wanafunzi wakasimulia, na yule mtu hakukanusha hata mara moja. Jumapili ya tatu alisimama baada ya misa, akatoa ushuhuda mbele ya kanisa lililojaa. "Mkono wangu unaongozwa," alisema, na wanawake wakaitikia amina. Unaongozwa na nani, Mzee? Unaongozwa na mimi, mama wa watoto watatu, niliyekaa benchi la tano na miguu iliyovimba. Niliona haya kwa niaba yake, kwa sababu yeye haya hakuwa nayo.

Kituko hakikuishia hapo. Wakati wa chakula cha mchana alianza kutafuna pilipili mbichi, tatu, nne, jasho likimchuruzika mpaka shingoni, na bado akanyoosha mkono kuchukua nyingine. Nilimweleza mume wangu nyumbani kwamba sasa mzee anajitesa hadharani ili aandikwe kwenye kalenda ya mashahidi wa imani.

"Muache mzee wa watu, mama," akasema mume wangu.

"Wanaume mnalindana tu."

"Wewe unamchukia."

"Simchukii. Namdharau. Ni vitu viwili."

Siku nyingine wali uliungua chini yeye akiwa amesimama hapohapo, mwiko mkononi. Mimi nilikuwa stoo nikipokea vitunguu, na harufu ya kuungua ilinifikia huko. Nilikuja mbio nikatoa sufuria motoni. "Huoni? Husikii harufu?" Akasema alikuwa katikati ya rozari. Nikacheka mbele ya wenzangu, nikawaambia sasa hata pua yake iko mfungoni. Walicheka wote. Yeye alichukua ufagio akafagia sakafu niliyokuwa nimeshaifagia.

Pasaka ikaja, ikapita. Jumanne chuo kikafunguliwa, nikavaa aproni nikiwa na raha, maana kazi ya ulimi wa kuazima ilikuwa imekwisha. Maharage yalipoiva nikamwachia mwiko.

"Onja wewe," akasema.

"Mzee, Kwaresima imeisha."

"Nimezoea. Endelea tu."

"Kristo amefufuka, ulimi wako bado uko kaburini?"

Akanisogezea kijiko. Jumatano ikawa hivyohivyo. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: amenogewa. Mimi nifanye kazi, yeye aongozwe. Atakula sifa zangu mpaka atakapostaafu, na siku hiyo watampa zawadi na hotuba. Usiku ule sikulala vizuri kwa hasira.

Alhamisi nilipanga langu. Mama Mlezi hupita jikoni kila Alhamisi saa tano kutazama usafi. Nilipika maharage ya watu mia mbili na arobaini, nikatia kitunguu, nikatia nyanya, nikatia mafuta, chumvi sikutia hata punje. Askofu aliponiuliza "Vipi?" nikamwambia leo chumvi nitatia mwenyewe, nitamwita yakiwa tayari. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Nitamlazimisha aonje mbele ya Mama Mlezi. Ataonja, atanigeukia kwa ukali kwamba maharage hayana chumvi, na mimi nitasema, basi kumbe unaweza kuonja, Mzee, ilikuwaje siku zote hizi ukanitumia mimi? Nitamwaga mtama wote pale mbele ya mkubwa wake. Zaidi ya hapo sikuwa nimepanga.

Mama Mlezi akaingia, akapitisha kidole kwenye rafu, akaridhika.

"Mama, umefika wakati mzuri," nikasema, na sauti yangu ilikuwa tamu mno. "Leo Mzee anarudi kuonja rasmi. Tulikuwa tunakusubiri."

Wenzangu wakaacha visu. Askofu alinitazama, akamtazama Mama Mlezi, akaitazama sufuria. Angeweza kusema anaumwa. Angeweza kusema lolote. Lakini mtu aliyetoa ushuhuda mbele ya kanisa zima atarudije nyuma? Akachukua mwiko, akadondosha tone kwenye kiganja cha kushoto, akalilamba, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Yamekolea," akasema. "Chumvi iko mahali pake. Kazi nzuri, dada."

Mama Mlezi alichukua kijiko kwenye meza, akachota, akaonja. Akaonja tena.

"Mzee, umeonja?"

"Nimeonja, Mama."

"Haya maharage yana chumvi?"

"Yana chumvi ya kutosha."

Yule mama alitua kijiko taratibu. Nilimwona akielewa, na nikaelewa pamoja naye. Mafua ya mwezi wa kumi na mbili. Mchuzi wa nyama. Pilipili, kwa sababu pilipili inachoma hata kama haina ladha. Wali ulioungua mbele ya pua yake. Hakuacha kuonja kwa ajili ya Bwana wala kwa ajili ya sifa. Alikuwa ameshanyang'anywa ladha, akatafuta kichaka cha kujificha siku arobaini akitumaini ulimi utarudi. Ulikuwa mfungo wa uongo kuliko yote aliyowahi kufunga, na ndio pekee uliomuuma.

"Hayana chumvi hata kidogo," Mama Mlezi alisema, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Pole, Mzee. Tutaongea ofisini."

Askofu alifungua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza. Hakumtazama Mama Mlezi. Alinitazama mimi, nami nikajifanya natafuta mkebe wa chumvi, uliokuwa mbele yangu.

Jumatatu alikuwa getini, na kofia. Mimi nikapewa jiko. Wenzangu walinipongeza kwa midomo, kisha nikagundua kwamba nikiingia wananyamaza. Mtunza stoo, aliyemcheka Askofu miaka yote, alinipimia mchele bila kunisemesha wiki nzima, na ukimya wake nilijua maana yake.

Ijumaa nilipakua wali na nyama nikampelekea mwenyewe. Alikuwa ameketi kwenye kibanda cha mlinzi, daftari la wageni limefunguliwa mapajani, ameandika majina mawili kwa mwandiko mzuri kuliko nilivyotarajia. Aliipokea sahani kwa mikono miwili. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, nikayasahau.

"Unasikia ladha yoyote, Mzee?"

"Joto tu. Na kama ni laini au ni ngumu."

"Hospitali wanasemaje?"

"Wanasema huenda ukarudi. Huenda usirudi."

Alikula vijiko vitatu vinne. Mwanafunzi mmoja alipita akamsalimia, "Shikamoo," bila kumwita Askofu. Akaitikia marahaba kama mzee mwingine yeyote.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Mimi ndiye niliyekuwa naonja. Ningeendelea kuonja, na nani angejua? Tungesaidiana mpaka ustaafu."

Aliacha kula. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Nikuambie wewe?" akasema.

Alisubiri kidogo, labda ili nijitetee, kisha akarudi kwenye sahani yake. Nilisimama pale nikitafuta siku moja tu, katika miaka kumi na miwili, ambayo angeniambia jambo lile na nisilipeleke moja kwa moja kwa wenzangu nikicheka. Sikuipata. Alipomaliza akanirudishia sahani, akanishukuru, akasema nyama imeiva vizuri.