Asukile, Shemeji Yake, na Kuzama kwa Devotha

Soko zima la Mwanjelwa hakuna aliyejua kushindilia viazi kama Asukile. Gunia ambalo wewe ungetia debe sita likagoma, yeye alitia nane, akapanda juu, akarukaruka kama mlokole aliyeshukiwa, kisha akasuka kamba mdomoni mpaka lumbesa, yaani gunia lililopita kipimo, ikasimama na kofia yake kama askofu. Wanunuzi walimpenda. Wapagazi walimlaani mpaka kwa bibi zake.

Mgongo ulipoanza kudai mapumziko, shemeji yake Fanueli, nahodha kule Kyela, akamtafutia kazi ya kuhesabu mizigo kwenye tishari. Tishari lenyewe mwenye mali aliliita Devotha, jina la mama mkwe wake, maana wote wawili walikuwa wapana na hawasogei bila kuvutwa. Miaka kumi na tisa boti ya Fanueli ililivuta katika Ziwa Nyasa. Lilibeba saruji, mahindi, na mara moja harusi nzima pamoja na ng'ombe, na halikumlowesha mtu hata soksi. Sheria yake ilikuwa moja, imepakwa ubavuni kwa rangi nyeupe: magunia 400, basi.

Mwezi wa tano yakaja magunia ya viazi. Asukile akayatambua kwa mshono: yake mwenyewe, aliyoyajaza likizo, maana sokoni alikuwa hajaacha kupitapita. Akayahesabu huku akiyapapasa kama ndama.

"Shemeji, mbona Devotha amechuchumaa?" Fanueli aliuliza.

"Mia nne kamili, shemeji. Nihesabu tena?"

Hawakufika mbali. Wimbi dogo, la kuoshea miguu tu, likapanda ubavuni, na Devotha akakaa chini ya maji taratibu kama mama mkwe anayekaa kwenye kochi. Wakakata kamba, boti ikapona na watu wote.

Siku ya uchunguzi, mkaguzi Adrian alifungua faili. "Magunia mia nne, mzigo halali. Basi nahodha kavuta vibaya. Fanueli, leseni yako naichukua."

"Mkuu, labda yalikuwa lumbesa, ya debe nane nane," Fanueli alisema, akimtazama shemeji yake.

Asukile akatazama dari. Akifungua mdomo, kazi hana. Akiufunga, dada yake atalala na mume asiye na kazi, na lawama ni zake. Dari ilikuwa nzuri, akaendelea kuitazama.

"Visingizio," Adrian alisema. "Gunia lile haliingii debe nane. Hakuna mwanadamu anayeweza."

Asukile akashusha macho. "Hakuna nani?"

"Kaa chini, mzee."

"Leta gunia. Leta na viazi."

Wakaleta kwa kumcheka. Akavua viatu, akashindilia, akaruka, akasuka. Adrian akajaribu kuliinamisha lile gunia, tai ikamwingia mdomoni, gunia halikutikisika.

"Yote mia nne yalikuwa hivi?"

"Yote. Mkono wangu huu."

Adrian akamrudishia Fanueli leseni. "Na wewe, kuanzia leo kazi huna."

"Ndaga, asante, mkuu," Asukile alisema, akitafuta kiatu cha pili. "Ila hapo kwenye faili usiandike nane. Hilo limeingia tisa."