Ukwaju Katika Uji wa Olupot

Ukifika Molo ya huku Tororo ukauliza kwa Atim, huenda mtu akakuna kichwa. Ulizia kwa Mama Epeduru na hata mtoto atakuonyesha njia, maana epeduru ndio ukwaju kwa Kiteso, na Atim na ukwaju walikuwa kitu kimoja. Mikwaju yake iliota nyuma ya nyumba. Msimu ukifika aliangua matunda, akabanja maganda, akatoa nyuzi na kokwa, kisha akaukanda ule ute wa kahawia kuwa madonge, akaenda kuyauza Busia, pande zote mbili za mpaka.

Mumewe, Olupot, alikuwa amevusha watu mpakani kwa baiskeli tangu ujana wake, mpaka figo zilipoanza kumwangusha. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, baiskeli ikabaki imeegemea ukuta. Huko hospitali Tororo, daktari aitwaye Osinya, mtu mpole asiye na haraka, aliwakalisha wote wawili akawaeleza. Figo za Olupot hazikuweza tena kuondoa madini yanayoitwa potasiamu, na yakijaa mwilini huvuruga moyo. Kwa hiyo aache ndizi, matoke na parachichi, na viazi visiliwe mpaka vichemshwe na maji yake yamwagwe.

Atim alishika kila neno. Mgeni akija na ndizi, zilipelekwa kwa jirani kabla Olupot hajaziona.

Lakini chakula kilimshinda mgonjwa. Kila alichotia kinywani alisema kina ladha ya msumari. Alikonda mpaka shati likawa linamning'inia. Basi asubuhi moja Atim akavuruga ukwaju kwenye uji wake wa wimbi, kama mama mkwe wake alivyokuwa akifanya. Olupot alikunywa, akalamba midomo, akanyoosha kikombe aongezewe. Atim akageukia ukutani machozi yasionekane.

Tangu hapo uji haukukosa ukwaju, asubuhi, mchana na jioni. Alimchagulia madonge yaliyo mazito kuliko yote.

"Mama Justine," Olupot alimwambia, "dawa ni hii. Vile vidonge vya hospitali vinanichosha bure."

Kisha ikaja Jumapili moja. Walikuwa wanajiandaa kwenda kanisani, Olupot akajaribu kuinuka kitini, miguu ikakataa. Hakuwa na maumivu. Alikaa akiitazama miguu yake kama ya mtu mwingine.

"Atim," alisema polepole, "moyo unapiga, halafu unasahau."

Binti yao Justine alitafuta gari, wakamkimbiza hospitali. Muuguzi Ritah alimbandika nyaya kifuani, akaitazama karatasi iliyotoka kwenye mashine, akatoka mbio. Akarudi na wenzake wengi, na sindano zikafuatana. Atim alisimama mlangoni, kitambaa cha kichwa kimemwangukia begani, asiweze hata kukiinua.

Hali ilipotulia kidogo, Osinya alimwita kando. "Mama, potasiamu imepanda vibaya sana. Amekula ndizi?"

"Sijampa hata ganda lake."

"Parachichi?"

"Hapana, daktari."

"Basi anakula nini?"

"Uji tu. Sasa anakunywa vizuri. Mimi natia epeduru, tena ile nzito kabisa." Alisema hivyo kwa fahari.

Osinya akauliza: "Mara ngapi?"

"Kila akitaka."

Daktari akamweleza. Ute wa ukwaju hauna maji mengi, kwa hiyo kila kilichomo kimeshindiliwa pamoja. Sukari ni nyingi ajabu, ila ile asidi yake kali huificha, na ulimi husikia ukali tu. Kuna kalsiamu ya kujenga mifupa, ndiyo maana kwa mtu mzima wa afya ni tunda zuri. Na potasiamu imo, kwa uzito uleule karibu mara mbili ya ndizi.

"Ya ndizi?" Atim aliuliza. "Lakini epeduru si chakula. Ni ya kuonja tu mdomoni."

"Ndiyo maana hukunitajia, mama. Na mimi sikukuuliza. Huku kwetu hakuna anayeuhesabu kuwa chakula."

Atim hakumsikia vizuri. Alitazama mikono yake, kucha zikiwa bado na kahawia ya ukwaju, akakumbuka jinsi alivyomshikia mumewe kikombe alipokuwa dhaifu, akimbembeleza amalize. Aliketi sakafuni palepale, na Justine alipomwinua alimkuta baridi kama aliyenyeshewa.

Jioni moyo wa Olupot ulirudi kwenye mwendo wake. Atim alimweleza yote bila kuficha.

"Basi ni ile ile iliyonirudishia hamu ya kula," Olupot alisema.

"Ndiyo hiyo."

"Lakini ilikuwa tamu, Atim."

Maneno hayo yalimuuma kuliko lawama.

Olupot yuko nyumbani sasa. Anakunywa uji wa mahindi meupe wenye matone ya limau, kama daktari alivyoruhusu, wala hausifii. Atim amerudi Busia na madonge yake, ila kabla ya kumfungia mteja humuuliza kama kwake kuna mgonjwa wa figo. Akumu, anayeuza dagaa meza ya pili, humwambia anafukuza wateja. Wiki iliyopita mwanamke mmoja kutoka Masaba aliduwaa, akasema ni baba yake, akalirudisha donge mezani. Atim akamsogezea kigoda, akaanza kumsimulia.