Kanda ya Hamisi na Kunguru wa Kibirizi

Kwa siku nne nilikosa usingizi kwa swali moja: nimwambie Shangazi, au niendelee kunyamaza kama nilivyonyamaza tangu darasa la tatu? Nimemaliza chuo, ajira bado, kwa hiyo muda wa kuwaza ninao wa kutosha. Swali hilo liliamshwa na mlio wa chuma kugongwa chuma kwenye simu yangu. Nilikuwa nimeipata albamu ya bendi moja ya ng'ambo, watu wa magitaa mazito wanaochanganya muziki na kelele za viwandani. Mashabiki wake wachache walilalamika kwamba haikupewa heshima inayostahili. Nikacheka peke yangu. Kwetu Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, niwaambie ukweli, iliheshimiwa hata na ndege.

Shangazi Mwamvua alianika dagaa ufukweni, nami nikitoka shule nilimsaidia kuwageuza. Adui yetu alikuwa kunguru. Wanawake wengine waliwafukuza kwa fimbo na matusi. Shangazi aliweka kanda ya albamu hiyohiyo, mali ya mwanawe Hamisi, kwenye redio kaseti, akafungulia sauti yote, na kunguru wakahamia kwa majirani.

"Mama Hamisi, umefungua tena gereji?" walimpigia kelele.

"Gereji yangu ina kazi! Nyie endeleeni na taarabu, dagaa waishe!"

Hamisi aliinunua kanda ile kwenye fungu la mitumba sokoni Mwanga kwa sababu, alisema, kila mtu aliipita. Kisha akavuka ziwa kwenda Kalemie, upande wa Kongo, kutafuta maisha. Hakurudi, wala hakuleta habari. Lakini mwisho wa upande wa kwanza, baada ya wimbo mmoja wa polepole, alikuwa amejirekodi: "Mama, upande umeisha. Geuza." Kila siku Shangazi alimjibu, "Nageuza, baba," mikono imejaa magamba.

Mimi sauti ile niliihesabu pamoja na mikwaruzo ya kanda. Mchana mmoja Shangazi alikwenda kupatana na mnunuzi, na redioni ukapigwa wimbo niliokuwa nikiupenda sana. Nikaziba kwa karatasi vile vitundu vya kanda vinavyozuia kurekodi juu yake, nikaurekodi pale mwishoni, mahali ambapo sikuona wimbo wa kuharibika. Nilijiona mwangalifu kabisa.

Kesho yake wimbo wa polepole ulipoisha, akaingia msanii wangu akilia mapenzi. Shangazi alisimama na dagaa mkononi.

"Redio hii imezeeka," alisema baadaye. "Inajirekodi yenyewe."

Akaizima. Tangu siku ile alitumia fimbo.

Nilidhani amechoka na kelele. Nilielewa nikiwa chuoni, siku nilipourudia ujumbe wa sauti wa mama yangu kwenye simu mara tatu kwa kuwa nilikuwa nimeikumbuka sauti yake tu. Kumbe Shangazi alivumilia nusu saa nzima ya vyuma ili aitwe mama mara moja.

Sasa albamu yote ninayo. Nilipanga kwenda kumfungulia, nionekane mwema, maneno hata nikayaandika kwenye karatasi. Lakini yale maneno ya Hamisi hayamo, na hakuna bendi itakayoyarudisha. Asubuhi ya siku ya tano niliacha simu nyumbani, nikashuka Kibirizi. Shangazi alikuwa amekaa juu ya ndoo, anachambua dagaa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona jasho asubuhi yote hii?"

"Sauti ya Hamisi, kwenye ile kanda," nikasema. "Niliifuta mimi."